Tikisa Mwenyewe Usikie

Marahaba, mwanangu Nyamizi.

Naanza na kuitikia kabisa, maana asubuhi ulipita mbio na kichwa nusu kimefumuliwa, shikamoo yako ikaishia mlangoni, nami nilikuwa na mswaki mdomoni. Ipokee sasa.

Ni saa tisa alasiri. Nakuandikia nikiwa ndani ya pikapu, kwenye kiti cha dereva, daftari nimeliegemeza kwenye usukani. Usicheke. Gari hili lina wiki ya tatu halijatoka uani, na nimegundua ni chumba kizuri sana kwa mtu mzima asiyetaka kuulizwa maswali. Huko nyuma kuku wa mama yako ametaga mayai manne katikati ya magunia, na kila nikikohoa ananitazama kama mimi ndiye mpangaji. Mama yako yuko jikoni anakuchomea vitumbua vya safari. Wewe uko kwa jirani, umekaa kwenye mkeka, kichwa chako kiko magotini pa Bi Mwanaidi, unasukwa. Nasikia mnavyocheka.

Kesho unapanda treni kwenda Morogoro kusomea upimaji wa ardhi. Mambo ya kula, kufua na kujihadhari na watu, mama yako ameshakwambia mara tatu tatu, mimi sina la kuongeza. Nina jambo langu moja. Barua hii nitakupa mkononi jioni, na nataka uisome leo kabla hujalala, si ndani ya treni. Utaona sababu.

Unajua nilivyotaka kesho iwe. Nilitaka nikupeleke stesheni kwa gari, niteremshe sanduku lako la mninga watu wakiona. Sasa petroli hakuna. Sheli za upande wetu zimetundika vipande vya boksi vilivyoandikwa MAFUTA YAMEISHA, na ile ya mjini ikipata kidogo, foleni inazunguka mpaka sokoni. Bei mpya zikitangazwa redioni nyumba nzima inanyamaza. Yule kijana wa bodaboda wa pale kona, siku hizi akinitajia nauli anatazama pembeni kwa aibu. Mama wa nyanya nimemuuliza kwa nini fungu limepungua, akanijibu, "Petroli, baba," na nyanya zenyewe zimekuja kwa baiskeli.

Juzi mtu alinipigia simu kwamba ana dumu la lita ishirini, amelificha, anauza bei ya kuruka. Mama yako alinishangaa nilipokataa. Alidhani nimeshikwa na ubahili. Ukweli ni kwamba sitaki tena kuona dumu la petroli kwenye karakana yangu, na sababu ya hilo ndiyo ninayokuandikia.

Kwa hiyo sanduku lako litakwenda na baiskeli ya Fundi Sudi, mume wa Bi Mwanaidi. Alikuja jana mwenyewe, kofia mkononi. "Baba Nyamizi, usihangaike na mafuta," akaniambia. "Baiskeli ya mizigo nimeifunga keria mpya. Binti yetu nitamfikisha mimi." Alisema binti yetu. Nikamshukuru, nikaingia bafuni, nikafungulia bomba ili mama yako asinisikie nikilia.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, nisije nikakuchanganya.

Pikapu hii niliinunua wewe ukiwa darasa la pili, baada ya kuuza vitanda vya mninga kwa miaka mingi nikivisafirisha kwa mkokoteni. Siku nilipoiingiza uani nililala mapema ili kuche haraka niiendeshe tena. Na niliiendesha kweli! Baba yake babu yangu alikuwa mpagazi, alitoka Kigwa kwa miguu mpaka pwani na mzigo begani, akarudi. Mimi kitukuu chake nilikuwa nawasha gari kwenda kununua vocha kwenye kibanda ambacho ukisimama mlangoni kwetu unakiona. Kanisani kwa gari, kinyozi kwa gari, msibani nyumba ya nne kwa gari. Goti likaanza kuuma, nikasema ni umri. Wiki hizi tatu natembea, goti limenyamaza, na nimejua majina ya watu ambao nimekuwa nikiwapigia honi kwa miaka kumi na zaidi. Kwenda sokoni kunanichukua saa nzima kwa sababu ya kuamkiana. Kuna bibi mmoja pale jirani na mashine ya kusaga, jana aliniuliza, "Wewe umehamia lini?"

Hayo ni ya kucheka. Yapo mengine.

Ukiwa na gari katika mtaa kama wetu, gari si lako peke yako. Watu wanabisha hodi. Mtoto ana homa, mgeni anashuka treni, gunia la mahindi limekwama. Mwanzoni nilikwenda kila nilipoitwa, tena kwa furaha, nikijiona mkubwa. Baadaye nikachoka. Mafuta yalipoanza kupanda nikachoka zaidi, nikajifunza kusema uongo mdogo mdogo. Betri imekufa. Breki hazishiki. Bima imekwisha, polisi wako barabarani. Ulikuwa unanisikia wewe, ukiwa na daftari lako la hesabu pale barazani, na siku moja uliniuliza, "Baba, breki si ulitengeneza jana?" Nikakutuma maji. Unakumbuka? Mimi nakumbuka.

Na unakumbuka geji ya mafuta ilivyokufa. Mshale ulilala chini, haukuinuka tena, na mimi sikuona haja ya kuutengeneza. Tukawa tunapima kwa kutikisa. Nashika ubavu wa gari, nalisukuma na kulivuta, na wewe umebandika sikio karibu na tangi, macho umefumba. "Baba, yanacheza!" Au, "Baba, kavu." Ulikuwa hukosei. Majirani walijua mchezo huo, mtaa mzima ulijua. Mtu akija kuomba gari nami sina mafuta, nilikuwa namwambia, "Tikisa mwenyewe usikie." Hakuna aliyeweza kubisha akishatikisa.

Miaka sita iliyopita, wiki ya wewe kwenda kidato cha kwanza, petroli ilikata kama ilivyokata sasa. Shule yako ya bweni ilikuwa mbele ya Ziba. Basi lilikuwepo. Nataka ulijue hilo vizuri: basi lilikuwepo, lilikuwa linatembea, na nauli ninayo. Ila nilikuwa nimeshajiona kichwani mwangu nikiingia geti la ile shule na gari langu, sanduku la mninga limelala nyuma, wazazi wengine wakigeuza shingo. Kwa hiyo nilipopata dumu moja la lita ishirini, sikulimimina kwenye tangi. Nililificha karakana, chini ya benchi, nikalifunika maranda. Nikaliacha gari kavu makusudi, ili mtu akija kuomba nisihangaike kutafuta uongo. Ningemwambia atikise.

Aliyekuja alikuwa Sudi.

Ilikuwa kabla ya adhana ya alfajiri. Mama yako alikuwa Kigwa kumuuguza bibi yako, wewe umelala. Bi Mwanaidi alikuwa mjamzito, hilo unalijua, ila labda hujui kwamba walikuwa wameisubiri mimba ile kwa miaka kumi na moja. Sudi alikuwa na viatu viwili tofauti miguuni. "Baba Nyamizi, mwenzangu uchungu umemshika vibaya. Nisaidie gari, mpaka hospitali tu."

Mwanangu, nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilifikiri nini. Sikufikiri kitu. Mdomo ulikuwa umeshazoea. Nilisema, "Fundi, mafuta hakuna. Tikisa mwenyewe usikie."

Akatikisa. Alishika ubavu wa gari kwa mikono miwili, akatikisa, akasikiliza, akatikisa tena. Mimi nimesimama nimejifunga shuka, namtazama anavyosikiliza. "Kweli," akasema, "kavu. Haya, Mungu atatupa njia." Hakukasirika hata kidogo. Alinipa pole mimi, eti gari limenilalia wakati mtoto ana safari.

Alimpakia mkewe kwenye keria, akamfunga kiunoni mwake kwa kanga mbili ili asianguke, akaanza kukanyaga pedali. Kutoka kwetu mpaka hospitali, njia ya mkato inavuka reli. Hawakufika. Pale kwenye kivuko, mahali treni inapouacha mji kuelekea Kigwa, Bi Mwanaidi aliomba ashushwe, na mtoto akazaliwa kwenye kokoto za reli, kulipoanza kupambazuka. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Labda asingeishi hata kama gari lingemfikisha mama yake. Wapo wanaozaliwa hospitali na hawaishi. Nimejificha nyuma ya hiyo labda kwa miaka sita, na kila nikitaka kutoka inanivuta nirudi.

Saa nne Sudi alikuja karakana kuniomba vipande vya mbao vya kufunikia kaburini. Nilivikata palepale kwenye benchi. Vilikuwa vifupi, urefu wa viganja viwili hivi. Dumu lilikuwa miguuni pangu, chini ya maranda, na Sudi amesimama upande wa pili ananishikia mbao isicheze. Nilipaswa kusema pale. Kila nilipofungua mdomo, nilipuliza vumbi la msumeno.

Watu walisema, unajua watu. Shangazi mmoja pale msibani alinong'ona kwamba mwenye gari yupo na mke wa mtu anazalia relini. Sudi ndiye aliyesimama, mwenye msiba mwenyewe, akamjibu mbele ya wote: "Gari lilikuwa kavu. Nililitikisa kwa mikono yangu." Tangu siku ile hakuna aliyenisema tena. Hajui mtu yeyote kwamba shahidi wangu mwenyewe ndiye niliyemdanganya.

Baada ya siku nne tukaondoka mimi na wewe. Nilisambaza habari kwamba rafiki wa Nzega kaniletea mafuta. Sudi alikuja kukuaga, msiba haujatimiza wiki, akakupa kalamu ya wino wa bluu, akakwambia usome sana.

Safari ile naijua unavyoipenda. Hata juzi mezani ulimsimulia mama yako upya: ulivyokaa mbele na kioo chini, tulivyosimama Ziba tukanywa maziwa mgando, ng'ombe walivyoziba barabara na wewe ukatoka kuwaswaga na sare yako mpya, wachungaji wakakucheka. Ulisema ndiyo siku ya kwanza ulihisi baba yako ni rafiki yako. Nikainuka kwenda kunawa. Mafuta ya safari ile ndiyo yale, mwanangu. Nimewaza sana kama nina haki ya kukuharibia siku hiyo. Nakuomba usikubali iharibike. Maziwa yalikuwa matamu kweli, na mimi nilikuwa rafiki yako kweli, na wewe hukujua kitu. Kilichofichwa chini ya benchi nilikificha mimi peke yangu.

Ningeweza kukaa kimya. Ungeondoka kesho, tungepigiana simu kila Jumapili, na ningekufa nikiwa baba mzuri. Lakini Sudi kafunga keria mpya. Keria, Nyamizi! Akisukuma sanduku lako kesho kupita njia ileile, na mimi natembea pembeni nikimwambia polepole fundi, hapo kuna shimo, basi nitakuwa sina tena mahali pa kurudi.

Na jingine ni hii kazi unayokwenda kuisomea. Utakuwa unashika kamba ya kupimia kwenye shamba la mtu, na wengi watakuamini kwa sababu hawajui kupima. Mimi nilichojifunza ni kibaya zaidi ya hapo. Unaweza kumdanganya mtu kwa kumpa apime mwenyewe. Nilimpa Sudi gari atikise, na alichosikia kilikuwa kweli tupu. Sina la kukufundisha juu ya jambo hilo, nakwambia tu kwamba linawezekana, na kwamba mimi baba yako, ninayepiga magoti kanisani kila Jumapili, nililiweza bila kutoka jasho.

Naiacha kalamu hapa. Nakwenda kwake sasa hivi, nikisubiri nitapata sababu ya kutokwenda.

*

Nimerudi.

Nilimkuta barazani kwake, baiskeli ameigeuza miguu juu, anajaza upepo gurudumu la nyuma. Wewe na Bi Mwanaidi mlikuwa uani, hamkuniona. Sikukaa, maana ningekaa ningeanza kuulizia habari za kazi.

"Fundi," nikamwambia, "siku ile nilikuwa na mafuta. Gari lilikuwa kavu kwa sababu niliyaficha. Yalikuwa kwenye dumu, karakana, chini ya maranda. Nilikuwa namwekea Nyamizi, ya kwenda shule."

Aliendelea kupampu. Mara tatu, mara nne. Akabonyeza tairi kwa dole gumba, akafunga kifuniko cha vali taratibu.

"Lita ngapi?"

"Ishirini."

"Mpaka hospitali hata lita moja haiishi."

"Haiishi."

"Na mbao ulizonikatia?"

"Lilikuwa pale chini. Miguuni pangu."

Uani Bi Mwanaidi alikuwa anakugombeza usitikise kichwa, na wewe unacheka. Sudi alikuwa anasikiliza, kama alivyosikiliza siku ile. Nilipoanza kusema naomba unisamehe, aliinua mkono.

"Leo usiniombe, Baba Nyamizi. Leo usiniombe kitu." Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. "Mwanaidi asijue sasa. Ameshafika nusu ya kichwa. Akisikia, mkono utamkataa, na mtoto wa watu ana safari. Acha amalize. Nitamwambia mwenyewe treni ikishaondoka."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na sanduku nitalipeleka vilevile. Ahadi ile sikukupa wewe, nimempa yeye. Lakini wewe usitembee na sisi. Sitaweza kusukuma baiskeli ukiwa pembeni yangu."

Kisha akaigeuza baiskeli, akaisimamisha kwa magurudumu yake, akaanza kufuta mpini ambao hauna uchafu. Nikaondoka.

Basi ndiyo maana nimetaka usome leo. Kesho utatoka na mama yako na Fundi Sudi, na mimi sitakuwepo. Usiwaulize baba yuko wapi. Mama yako nitamweleza leo baada ya chakula, na sijui atanitazamaje. Bi Mwanaidi akikukumbatia asubuhi, mkumbatie kwa nguvu zako zote na usiseme neno, mume wake ameomba hivyo. Na Sudi akikuita binti yetu, kama bado ataweza kulisema hilo, itika. Usimtetee baba yako kwake. Usinitetee kwa mtu yeyote, nimeshatetewa vya kutosha.

Mimi nitaondoka mapema, kwa miguu. Mkishapita, nitakwenda mpaka kwenye kile kivuko. Sijawahi kusimama pale tangu siku ile, nimekuwa nikizunguka njia ndefu na gari, nikichoma mafuta ambayo sikuwa tayari kuyachoma kwa ajili yao. Treni inapofika hapo inakuwa bado haijashika mwendo, mtu wa dirishani anaonekana vizuri. Nitakuwa upande wa kulia, na shati lile la kijani ulilonichagulia.

Ukitaka kunipungia, nipungie. Ukitaka kutazama upande mwingine, tazama, sitakulaumu, nitakachotafuta ni nywele zako zilizosukwa tu, nijue umeondoka salama. Nakupenda, Nyamizi. Nilikupenda hata asubuhi ile mbaya, na ndiyo sehemu inayonichoma, kwamba nilifanya vile huku nakupenda.

Na kama utaniamkia, magurudumu yatapiga kelele, sitasikia. Mimi nitaitikia tu, iwe umeniamkia au hukuniamkia.

Marahaba, mwanangu.

Baba yako